Rudi Alhamisi

Baltimore, 24 Machi 1840

Shangazi yangu mpendwa,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Mzee Enos, na kwamba kifua chake hakikumsumbua sana baridi hii. Huku kwetu hali ni nzuri. Arabella amepona homa, na binti yetu Leonora ametimiza miaka miwili, ana meno yote na anaamuru nyumba nzima. Baba mkwe wangu, Bwana Cadwell, ametuazima wanawake wawili wa jikoni kutoka kwa watu wake, kwa hiyo Arabella hachoki tena. Vipi yule ng'ombe mwekundu? Bado anapiga teke?

Najua ni miaka karibu mitatu hatujaandikiana. Posta ya nchi hii ni aibu tupu, na tukishinda uchaguzi nadhani mtu makini anapaswa kupewa ofisi aisafishe. Hilo linanileta kwenye jambo lenyewe.

Huenda habari zimefika hata huko Marl Creek. Gazeti moja la chama cha Rais lilimdhihaki Jenerali wetu, mgombea urais wa chama chetu, likasema apewe pipa la pombe ya matofaa na posho kidogo, naye atakaa kwenye nyumba yake ya magogo bila kumsumbua mtu. Wajinga! Sasa nchi nzima imeshika nyumba ya magogo kama bendera. Rais anasemwa anakula kwa vijiko vya dhahabu huku watu hawana kazi, na sisi tunajenga nyumba za magogo kila njia panda, tunatundika ngozi za mnyama rakuni, tunagawa pombe bure. Watu hawataki hoja, Shangazi. Wanataka wimbo na kikombe, na sisi tunawapa.

Mimi nimeteuliwa kuwa mmoja wa wasemaji. Nimewaambia kamati kwamba nililelewa kwenye nyumba ya magogo, jambo ambalo ni kweli tupu. Lakini wapinzani wananitangaza kuwa mkwe wa mwenye benki, mvaa glavu za hariri. Naomba uniandikie barua, wewe na mchungaji mtie sahihi, mseme nilikulia humo tangu nilipofiwa na wazazi nikiwa na miaka minne. Eleza sakafu ya udongo. Eleza jinsi theluji ilivyokuwa ikipenya na kuniangukia kitandani. Ukiweza, nitumie na ile kamba ya komeo la mlango.

Mzee Enos mpe mkono wangu.

Mpwa wako akupendaye,
Lucius Stoddard


Marl Creek, Ohio, 19 Aprili 1840

Lucius,

Salamu zako nimezipata. Mimi mzima. Ng'ombe mwekundu alikufa, yupo bintiye, naye anapiga teke. Mchungaji amehamia kwa mwanawe. Huldah Sprague, jirani, anakusalimu na anauliza kama glavu za hariri zinapasha mkono joto au ni za kuonyesha tu.

Barua yako imenigharimu senti ishirini na tano pale posta, maana hukuilipia. Hiyo ni bei ya kuku wawili. Nimeisoma mara mbili ili nile hao kuku vizuri.

Umeandika kwamba baba mkwe wako amewaazima wanawake wawili, kama mtu anavyoazima jembe. Hapa kwetu hakuna watumwa, hatuazimi watu. Usiniandikie tena habari za aina hiyo kana kwamba ni habari za afya.

Sasa hii nyumba ya magogo. Ulipooa, mwaka ule wa thelathini na sita, Enos alishona koti jipya, mimi nikapiga pasi shela ya marehemu mama yangu. Siku tatu kabla ya harusi ukaja mwenyewe, umesimama pale mlangoni, hukuketi. Ukasema, "Shangazi, njia ni mbovu, mtachoka bure." Nikakuuliza, "Tutachoka sisi au utachoka wewe?" Baadaye yule mama mkwe wako alikutana na Huldah sokoni, akamwambia amesikia nyumba yetu ni ya matofali, ina ghorofa, na kwamba sisi ni wagonjwa hatupokei wageni. Ghorofa! Enos alicheka hadi akakohoa.

Kwa hiyo nyumba hii imekuwa ya matofali kwa miaka minne, na leo imerudi kuwa ya magogo kwa sababu magogo yana kura. Theluji haikuwahi kukuangukia kitandani. Enos aliziba kila ufa kwa udongo na majani kabla ya baridi, na sehemu iliyobaki wazi alilala yeye.

Barua ya ushahidi sitaandika. Kamba ya komeo inafungua mlango, ninaitumia.

Nami nina swali moja. Jumanne tarehe kumi na sita Mei, mwaka wa thelathini na saba, Enos alikuja mjini Wexham, kwenye benki ya baba mkwe wako, kuchukua akiba yetu kwa sarafu. Dola mia moja, miaka kumi na moja ya jibini na sukari ya miti. Alikuambia ni za kulipia ardhi, maana Rais aliyetangulia alikuwa ameamuru ardhi ya serikali ilipwe kwa fedha na dhahabu tu, siyo noti. Wewe ulikuwa karani dirishani. Ulimwambia, "Rudi Alhamisi, Mzee." Jumatano benki ikafunga milango.

Kwa nini Alhamisi?

Keziah Lathrop


Baltimore, 30 Mei 1840

Shangazi yangu,

Nashukuru kwa barua yako, pamoja na maneno yake makali ambayo nimeyazoea tangu utotoni. Sote wazima. Leonora ameanza kuimba nyimbo za kampeni, anaruka maneno yote ila "pipa". Mkutano wetu mkubwa ulifanyika hapa mwanzoni mwa mwezi. Laiti ungeona! Maelfu kwa maelfu, nyumba za magogo juu ya magurudumu zikivutwa na farasi, watu wakisukuma tufe la ngozi refu kuliko mtu, lililoandikwa maneno ya chama. Seremala mmoja aliyekosa kazi mwaka mzima alinikumbatia akilia, pombe ikimtoka puani. Sikujua kama nimhurumie au nibadilishe koti. Nilibadilisha koti.

Kuhusu mwaka wa thelathini na saba, ilikuwa dhoruba ya nchi nzima. Benki za New York zilikataa kutoa sarafu, na habari ilipotufikia kila benki ikafanya vivyo hivyo. Karani ana nguvu gani? Waliosababisha ni watawala, na ndio tunaowaondoa.

Sasa, nakuandikia jambo jingine kwa upole, na nakuomba ulipokee kwa upole. Kamati ya Ohio imesikia habari za nyumba yetu. Wanataka nyumba ya kweli, iliyokaliwa na watu, si hizi za mchezo. Wanataka kuifungua gogo kwa gogo na kuisimamisha Wexham kwa mkutano wa Septemba, nami nitazungumza mlangoni pake. Ardhi ile, kama unavyojua, iliuzwa, imepita mikono kadhaa, na kwa sasa iko chini ya kampuni ambayo baba mkwe wangu ana hisa. Yeye hana kipingamizi. Wewe na Mzee Enos mtapewa chumba kizuri mjini, chenye jiko la chuma. Msimamizi atafika baada ya mavuno ya ngano.

Naamini utaona heshima iliyomo.

Lucius


Marl Creek, 2 Julai 1840

Bwana Lucius Stoddard,

Mimi mzima. Ngano ni nzuri.

Ulisema posta ya nchi hii ni aibu. Nimeketi mezani na mbele yangu nina barua mbili. Ya kwanza niliiandika tarehe ishirini Februari, mwaka wa thelathini na nane. Ya pili Aprili ya mwaka huohuo. Zote mbili zilikwenda Baltimore na zikarudi Marl Creek zikiwa hazijafunguliwa. Juu ya kila moja bwana posta wa huko ameandika kwa wino mweusi: "Mpokeaji amekataa kulipia." Posta ilifanya kazi yake, Lucius. Ilikupelekea barua, ikakuuliza kama unazitaka, ukasema huzitaki, ikanirudishia.

Sasa nitakuambia yaliyokuwamo, na hii ukiwa umeilipia basi utakuwa umepata tatu kwa bei ya moja.

Enos amekufa. Amekufa tangu tarehe kumi na nane Februari, 1838. Umemtumia mkono na salamu za kifua mwaka huu, nami nilikuacha uendelee, nione utafika wapi kabla ya kuuliza neno moja la kweli juu yake.

Benki ilipofungwa alichukua noti zote alizokuwa nazo akatembea siku mbili hadi ofisi ya ardhi. Karani wa pale akamwambia, "Mzee, hizi washia moto." Akarudi. Wiki mbili baadaye tukasikia shamba letu, shamba tulilokaa miaka ishirini hakuna aliyelitaka mpaka barabara ilipopimwa, limenunuliwa kwa sarafu za fedha taslimu. Mwezi ambao hapakuwa na sarafu Ohio nzima! Tulijiuliza sana ni nani mwenye bahati ile. Tulibaki kama wapangaji wa mtu asiye na jina. Baridi ile Enos alikwenda kukata mbao za watu mtoni, apate fedha za kuanzia upya, akalowa, akaugua siku tisa. Siku ya saba aliniuliza, "Mtoto ameandika?" Nikamwambia umeandika. Nilidanganya. Ni uongo pekee niliowahi kumwambia mume wangu, nami niliusema kwa ajili yako.

Mpaka barua yako ya Mei sikujua mwenye shamba ni nani. Nakushukuru kwa kunijulisha.

Mtu aliyekataa kulipia barua za msiba anataka kuwa bwana posta. Kwa nchi hii na wakati huu, naona unafaa kabisa.

Msimamizi asije. Akija, Huldah ana bunduki na mimi nina maji ya moto. Ukitaka nyumba, njoo mwenyewe ututoe.

Keziah


Baltimore, 25 Julai 1840

Shangazi,

Nimelipia. Nimesoma.

Sikujua habari za Mzee Enos. Nilikuwa nimeamuru barua zote kutoka Wexham na vijiji vya jirani zisipokelewe, kwa sababu watu wengi waliopoteza akiba walikuwa wakituandikia matusi. Sikutazama mwandiko.

Nyumba itaachwa mahali pake. Kamati itajenga nyingine. Nitazungumza Wexham tarehe kumi na sita Septemba. Kwa heshima yako na yangu, nakuomba siku hiyo ubaki nyumbani.

L. Stoddard


Pittsburgh, 21 Septemba 1840

Shangazi,

Naandika kutoka hotelini, bado nina udongo kwenye viatu. Sikuulizi hali yako, nimeiona: uko na nguvu ya kupanda mkokoteni na kumwaibisha mtoto uliyemlea mbele ya watu elfu nne.

Ulitaka nini? Unadhani ulishinda? Uliondoka kabla ya mwisho, kwa hiyo acha nikuambie. Bendi ilipopiga, walicheza. Hao hao waliopiga kelele "Ajibu! Ajibu!" walikuwa wakiimba baada ya robo saa, wakibeba vikombe. Mmoja aliyepoteza dola mia tatu kwenye benki ile alinishika bega akasema, "Hotuba safi, bwana mdogo." Ndio watu unaowapigania. Wasahaulifu kama kuku.

Bwana Cadwell amekwisha kusikia. Arabella hasemi nami. Yule Obed Pruitt aliyekuunga mkono ni mlevi na alifukuzwa kazi, neno lake halina uzito mahakamani wala popote.

Sitakuandikia tena.

Lucius


Marl Creek, 4 Oktoba 1840

Lucius,

Mimi mzima, magoti tu. Matofaa ni mengi mwaka huu, tumebaki nayo ghalani kwa sababu chama chako kimewafundisha watu kuyanywa badala ya kuyala.

Unaniuliza nilitaka nini. Sikuja kwa ajili yako. Nilikuja kununua chumvi, na mji mzima ulikuwa umezibwa na ile nyumba yenu juu ya magurudumu. Nilisimama nyuma kabisa na kikapu changu. Ungeniacha huko. Ni wewe uliyenyoosha kidole ukasema, "Na yule pale, machozi yakimtoka, ni shangazi yangu Keziah, mama yangu wa nyumba ya magogo!" Machozi! Jua lilikuwa machoni. Nilinyanyuliwa na vijana wawili wenye harufu ya pipa, nikawekwa mkokotenini kama gunia.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, niliitazama nyumba. Nikauliza, "Jiko liko wapi?" Yule mnene wa kamati akasema, "Mama, ni ya kuonyesha tu." Nikamwambia, "Basi na huyu msemaji wenu ni wa kuonyesha tu." Watu walicheka, wewe ukacheka pia, kicheko cha meno. Mkono wako ulikuwa begani mwangu, unanibana nishuke.

Usingenibana ningeshuka. Badala yake nikakuuliza mbele yao swali ninalokuuliza tangu Aprili. "Lucius, waambie watu wa Wexham. Siku ile ya Jumanne ulimwambia Enos arudi Alhamisi. Ulijua benki itafungwa Jumatano?"

Nakumbuka ulivyosema. Ulisema, "Shangazi amechoka na jua." Hapo ndipo sauti ilipotoka chini, karibu na gurudumu. "Hajachoka! Mimi nilipakia masanduku!"

Alikuwa Obed Pruitt, aliyekuwa mpagazi wa benki. Alikuwa mzima hajanywa, maana ndiye aliyekuwa akishika farasi wenu siku ile, na mwenye farasi hamruhusu kunywa. Alisema mbele ya wote, "Jumanne jioni, mlango wa nyuma, masanduku manane ya sarafu, gari la Bwana Cadwell. Na huyu alishika karatasi akihesabu." Wakapiga kelele ujibu. Ulimwangalia mpiga ngoma, ukamkonyeza. Nilikuona.

Ni kweli waliimba baadaye. Sikuhitaji kuwapo ili nijue. Nimeishi na watu hawa muda mrefu kuliko wewe, na ninawadharau kwa uangalifu zaidi: mmoja mmoja, kwa jina. Wanamlaani Rais kwa kula na kijiko cha dhahabu, na hawakuwahi kukiona, lakini aliyewachukulia sarafu zao wanampigia makofi kwa sababu amevaa kofia ya rakuni. Wanayo kura. Mimi sina, wala Huldah hana, kwa kuwa sisi ni wanawake. Tuna akili ya kutosha kunyimwa.

Hata hivyo hawakusahau wote. Watu kumi na wanne wamekwenda kwa wakili, na Obed ameapa. Bwana Cadwell amejibu kwa kumshitaki Obed kwa kumchafulia jina, naye yuko gerezani Wexham akingoja kikao cha Mei, kwa kuwa hana wa kumdhamini. Mkewe analea watoto wanne kwa kufua nguo. Wakili anasema neno la mpagazi peke yake halitatosha. Anahitaji aliyeshika karatasi.

Umesema hutaniandikia tena. Sawa. Andika kwa wakili.

Keziah


Washington, 14 Machi 1841

Shangazi,

Nilisema sitaandika, na kwa karibu miezi sita nimetimiza. Nakuandikia kwa sababu hapa hakuna mtu ninayeweza kuzungumza naye bila yeye kuniuliza nafasi gani ninaitafuta.

Jenerali ameapishwa. Alizungumza kwa muda wa karibu saa mbili kwenye upepo bila koti. Tangu siku ile sisi tuliompigia debe tumejaa kwenye ngazi, kwenye korido, kwenye vyumba vya kulala vya hoteli, watatu kitanda kimoja. Ninalala na mhariri wa Indiana na mtu wa Vermont aliyesukuma tufe la ngozi maili sitini na anataka ubalozi. Kila asubuhi tunasimama uani Ikulu tukiwa na barua zetu za sifa. Jana mtu alimvuta Jenerali mkono wa koti kama mtoto anavyomvuta mama. Ni mzee, Shangazi. Ana umri ambao angekuwa nao Mzee Enos. Alituangalia kama mtu anayeangalia nzige.

Nimeahidiwa ofisi ya posta, mji mkubwa, ikiwa Bwana Cadwell ataniandikia barua ya mwisho. Amenitumia kwanza karatasi yake nitie sahihi. Inasema kwamba Jumanne ile nilikuwepo hadi jioni, kwamba hakuna sanduku lililotoka, na kwamba Pruitt alifukuzwa kwa wizi.

Arabella na Leonora wamehamia kwa baba yake hadi nitakapopata kazi.

Usinijibu.

Lucius


Washington, 9 Aprili 1841

Shangazi,

Jenerali amekufa. Mwezi mmoja tu, na siku chache za homa ya mapafu. Makamu wake ameshika nafasi, na inasemekana hataki hata kusikia majina tuliyoahidiwa. Juzi tumemzika. Mtu wa Vermont alilia zaidi kuliko familia, na nadhani nilijua analilia nini.

Nimerudi chumbani, nikatoa ile karatasi ya Bwana Cadwell. Imekaa mfukoni wiki tatu na siku tano. Sikuitia sahihi na sikuichana. Leo nimeichana. Kisha nimekwenda kwa hakimu wa hapa nikaapa. Nakala imetumwa kwa wakili wenu Wexham, na nyingine iko ndani ya barua hii.

Imeandikwa humo kwamba yalikuwa masanduku tisa, Obed amesahau moja. Imeandikwa kwamba habari za New York zilitufikia Jumatatu usiku kwa mpanda farasi, na kwamba tuliambiwa tuwape wateja jibu moja: Alhamisi. Niliwaambia watu thelathini na moja. Mzee Enos alikuwa wa sita. Aliniletea tofaa. Alisema, "Kula, unakonda humu ndani." Nililila, Shangazi, baada ya yeye kutoka.

Kuhusu shamba lenu, sikujua Bwana Cadwell alikusudia kulinunua. Lakini ni mimi niliyekuwa nimemwambia, wakati fulani mezani, kwamba barabara itapita pale na kwamba nyinyi hamna hati.

Arabella ameandika nisije. Sina pa kwenda. Sijui kama nina haki ya kuuliza kitu.

Lucius


Marl Creek, 27 Aprili 1841

Lucius,

Karatasi imefika, na ya wakili pia. Ameisoma kwa sauti ofisini kwake mbele ya watu kumi na wanne na mke wa Obed. Hakuna aliyeimba. Juzi Obed ametolewa. Mtu wa Bwana Cadwell alikuja haraka kufuta mashtaka na kutaka mapatano, na wakili anasema kila mmoja huenda akapata nusu ya akiba yake. Nusu ya dola mia moja ni hamsini. Nimeambiwa nifurahi.

Shamba halirudi. Liliuzwa kihalali, anasema, kwa mnunuzi aliyekuwa na sarafu. Sheria haiulizi alizipata wapi.

Huldah anasema nikusifu. Sitakusifu. Ulibeba uongo wiki tatu na siku tano mfukoni ukingoja kuona utalipwa kiasi gani, na siku mlipaji alipokufa ndipo ulipokumbuka ukweli. Jenerali angeishi, ungekuwa bwana posta leo na Obed angekuwa ndani. Wewe unajua hivyo, nami najua, na usitegemee siku itakayofika ambapo mmoja wetu atajifanya hajui.

Ila uliandika habari ya tofaa. Hakuna aliyekulazimisha, na wakili hana kazi nayo. Hilo nimelisoma zaidi ya mara moja.

Mimi siishi tena kwenye ardhi ya Cadwell. Nimeuza ng'ombe na ngano. Huldah, Obed na familia yake, na mimi, tunaondoka tarehe ishirini na tano Mei kwenda Iowa, ambako ardhi inauzwa bado na ambako sitamkuta mtu yeyote aliyepiga makofi Wexham. Obed ana gari na maksai wanne. Nilimuuliza kama anaweza kusafiri na wewe. Akasema, "Mimi na yeye hatutalala upande mmoja wa moto." Nikasema hiyo ni haki.

Gari limejaa. Hutapata mahali pa kukaa, utatembea, na hakuna atakayetaka kusikia hotuba. Leta blanketi na viatu vya kweli. Ukifika tarehe ishirini na sita, hatupo.

Njiani kuna mito mitatu isiyo na daraja, na mwezi huo maji ni mengi na ya baridi. Maksai wa mbele wanaogopa. Mtu lazima aingie majini, maji ya kifua, awashike pembe na kuwavuta hadi ng'ambo. Obed ana goti bovu, na Huldah na mimi ni wazee. Ni kazi mbaya, haina mshahara.

Ndiyo nafasi pekee tuliyo nayo, na hadi leo hakuna aliyeiomba.

Shangazi yako,
Keziah